Mambo ya Nyumbani: Kubadili Chujio la Dizeli



Mwezi huu twajibu swali lililotufikia kutoka Sofu, katika Mji wa Kibaha, mkoa wa Pwani. Aulizaye ni mwalimu. Nyumbani kwao wanayo motokaa moja ya dizeli, pikapu ya zamani, nayo ndiyo ichukuayo mayai na kuku kwenda kuuzwa, ndiyo iletayo chakula cha mifugo, tena ndiyo iamshwayo usiku wa manane jirani akishikwa na uchungu wa kuzaa. Sasa motokaa hiyo imeanza kukosa nguvu, na fundi asema kwamba chujio la mafuta, ambalo mafundi wetu huliita filta, limeziba. Mwalimu auliza: je, mtu aweza kulibadili mwenyewe nyumbani, au ni sharti aipeleke gereji kila mara?

Twajibu kwamba aweza, ikiwa motokaa yake ni ya namna tutakayoieleza, na ikiwa atashika neno moja ambalo tutalirudia: kazi hii yataka mikono safi kuliko mikono yenye nguvu. Mtu aweza kuwa na spana zote za mjini, akaiharibu injini yake kwa tambara moja chafu.

KAZI YA CHUJIO

Yafaa kwanza tujue jinsi injini ya dizeli ifanyavyo kazi, maana mtu asiyejua sababu ya kazi huifanya kwa kukariri, na akikutana na jambo geni hushindwa. Injini ya petroli huwasha mafuta yake kwa cheche za plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Yenyewe huvuta hewa tupu, ikaibana mpaka hewa iliyojaza vikombe ishirini ikakaa katika nafasi ya kikombe kimoja hivi. Hewa ikibanwa hivyo hupata moto, kama ajuavyo kila mtoto aliyejaza upepo gurudumu la baiskeli, akagusa pampu na kuiona imekuwa moto. Joto la hewa ile ndani ya injini hupita digrii 500. Hapo ndipo nozeli hunyunyiza dizeli kama ukungu, nayo huwaka yenyewe pasipo kuwashwa.

Aliyeibuni injini hii ni Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1893, na mwaka 1897 injini yake ilithibitishwa kuwa njema katika mji wa Augsburg. Tena katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900 injini ndogo ya namna hii iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na watu wachache tu walitambua kwamba haikutumia mafuta ya kawaida. Lakini injini zile za kwanza zilikuwa kubwa na nzito, kwa kuwa zilihitaji mtambo wa kubana hewa ili kuyapuliza mafuta ndani. Motokaa ndogo zilisaidiwa sana ilipopatikana pampu ndogo iwezayo kusukuma mafuta yenyewe. Kampuni ya Bosch ilianza kuziunda pampu hizo kwa wingi mwaka 1927. Tangu hapo pampu ndiyo moyo wa injini ya dizeli, na chujio ni bawabu wake.

Bawabu huyo ni wa lazima, kwa sababu ndani ya pampu na nozeli mna vyuma vilivyosuguliwa vikatoshana mno. Ukiigawanya milimita moja mara elfu, nafasi iliyo kati ya vyuma vile ni sehemu chache tu. Na unywele mmoja wa mtu una unene wa sehemu kama sabini. Basi chembe ya mchanga isiyoonekana kwa macho yatosha kuvikwaruza. Tena katika pampu nyingi vyuma hivyo havina mafuta mengine ya kuvilainisha ila dizeli ile ile ipitayo ndani yake. Dizeli ikiwa chafu, pampu hulishwa na kusagwa kwa mkono mmoja.

Adui wa pampu ni watatu. Wa kwanza ni vumbi. Barabara nyingi za mitaa ya Sofu, na za vijiji vya kuelekea Kisarawe, ni za udongo na mchanga, na vumbi lake huingia kila palipo wazi: katika mdomo wa tangi, katika faneli, katika dumu lililoachwa bila kifuniko. Wa pili ni maji. Tangi likikaa nusu, hewa yenye unyevu hujaa juu ya mafuta. Usiku ukipoa, unyevu ule hugeuka matone, kama umande juu ya bati, na matone hushuka chini, maana maji ni mazito kuliko dizeli. Nchi yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na wakati wa masika zaidi. Maji haya hutia kutu, wala hayalainishi vyuma kama dizeli. Wa tatu ni ute mweusi. Kuna viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, vikaavyo pale ambapo maji na dizeli hukutana. Hula mafuta, huzaana, na kuacha utelezi mweusi unaoziba karatasi ya chujio upesi.

Chujio huwazuia adui hao kwa karatasi iliyokunjwa kama marinda, na maji huyatenga yakakaa chini, penye kizibo cha kuyatolea. Lakini wasomaji wetu wasidhani kwamba chujio lazuia kila kitu. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hupita katika chujio jipya kama ipitavyo dizeli safi, na mafuta ya taa huilainisha pampu kidogo mno. Udanganyifu huo ulienea katika nchi yetu, hata EWURA, yaani mamlaka isimamiayo mafuta, maji na umeme, ilianza mwaka 2010 kutia vinasaba katika mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike. Na mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa, ili bei yake ikaribiane na ya dizeli na faida ya kuchanganya iondoke. Kwa hiyo anunuaye dizeli na anunue katika kituo kijulikanacho, aombe stakabadhi na kuitunza, wala asivutwe na bei nafuu ya dumu la kando ya njia.

DALILI ZA KUZIBA

Chujio likiziba, injini haipati mafuta ya kutosha. Motokaa huenda vizuri mahali tambarare, lakini ikipanda kilima au ikichukua mzigo huchoka. Pengine hushtuka-shtuka njiani. Asubuhi huwaka kwa taabu. Au huzimika yenyewe iliposimama. Moshi mweusi mwingi aghalabu si habari ya chujio la mafuta, bali ni habari ya chujio la hewa au ya nozeli. Mtu asibadili hili kwa kosa la lile.

Katika motokaa nyingi iko taa ya manjano mbele ya dereva, yenye picha ya chujio na matone. Taa hii yaonya kwanza kwamba maji yamejaa chini ya chujio. Pengine yatosha kuyatoa maji tu, nayo taa ikazimika. Asiyeyatoa, akaendelea na safari siku nyingi, ndiye atakayelipa pampu.

Lakini mwenye busara hangoji dalili. Kitabu cha motokaa husema chujio libadiliwe baada ya kilometa ngapi, na hicho ndicho cha kufuatwa. Kwa kuwa njia zetu zina vumbi, na dizeli pengine hutoka katika madumu, twaona heri mwenye pikapu ya zamani alibadili kila zitimiapo kilometa 10,000, hata kama kitabu chake chasema zaidi. Bei ya chujio ni ndogo. Bei ya pampu yaweza kumaliza mapato ya kuku wa mwaka mzima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MOTOKAA ZIPI, NA VYOMBO VIPI

Maelezo yetu ni kwa motokaa zenye chujio la kopo, lisokotwalo katika kichwa chake, na juu ya kichwa hicho iko pampu ndogo ya mkono. Ndivyo zilivyo Toyota Hilux na Land Cruiser nyingi za zamani. Injini ya Land Cruiser iitwayo 1HZ, iliyoanza kutumika mwaka 1990 na ijulikanayo sana kwa mafundi wetu, ni mfano mzuri. Motokaa za siku hizi zenye injini za komoni reli ni jambo jingine. Humo mafuta husukumwa kwa presha iliyo mara mia tano na zaidi ya presha ya hewa katika gurudumu, na baadhi yake zataka pampu ya umeme au mashine ya kompyuta ili kutoa upepo. Mwenye motokaa ya namna hiyo asome kitabu chake kwanza. Asipoona maelezo yaliyo wazi, amwachie fundi.

Vyombo vyenyewe si vingi: chujio jipya pamoja na mipira yake, mkanda wa kufungulia chujio, koleo, beseni, chupa ya kioo yenye mdomo mpana, brashi, tambara mbili safi zisizoacha nyuzi, dizeli safi kidogo katika kikombe, sabuni na maji. Katika kununua chujio, usimwambie mwuzaji rangi ya motokaa, bali mpe namba ya chujio au namba ya injini. Yako machujio ya bandia yaliyo na sura nzuri na karatasi dhaifu ndani. Linunue katika duka ambalo waweza kulirudia, na kabla ya kuondoka tazama kwamba mpira wake ni laini, nyuzi za kusokotea ni safi, na kopo halikubonyea.

NAMNA YA KUBADILI

1. Mahali. Motokaa isimame mahali tambarare, injini ikiwa imepoa. Asubuhi ni njema, maana upepo haujaanza kupeperusha vumbi. Nyunyiza maji chini kuizunguka, kama mama anyunyizavyo uwanja kabla ya kufagia, ili vumbi litulie. Vuta breki ya mkono, weka jiwe nyuma ya gurudumu, tia ufunguo mfukoni, na ufungue waya wa hasi wa betri. Jiko la mkaa na sigara visiwe karibu.

2. Kusafisha nje. Hili ndilo wengi walirukalo, nalo ndilo kubwa. Kabla ya kufungua chochote, chukua brashi na tambara la kwanza, ukisafishe kichwa cha chujio, mabomba yaingiayo humo, na kopo lenyewe. Usiache mpaka ukipitisha kidole kibaki safi. Kisha nawa mikono kwa sabuni. Mchanga ulioachwa juu ya kichwa cha chujio utaanguka ndani mara kopo litakapotoka, na hapo hakuna tena bawabu wa kuuzuia.

3. Kutoa maji. Weka chupa ya kioo chini ya chujio, legeza kizibo cha chini, na uisukume pampu ya mkono mara chache. Kilichotoka kiache kitulie, kisha kitazame kwenye mwanga. Maji yatakaa chini, na dizeli juu yake. Chupa hii ni barua kutoka katika tangi. Ikiwa maji ni matone machache, si kitu. Ikiwa ni mengi, au una ute mweusi, basi tangi lenyewe lataka kuoshwa, na chujio jipya litaziba upesi kama la kwanza.

4. Kuvua la zamani. Chomoa waya wa kipima maji kwa kushika kichwa chake, wala usiuvute waya wenyewe. Weka beseni chini. Legeza chujio kwa mkanda, ukizungusha kinyume cha mwendo wa saa. Likilegea, malizia kwa mkono, nawe ulishike wima, maana limejaa mafuta.

5. Kutazama mpira. Angalia kama mpira wa chujio la zamani umetoka pamoja nalo, au umebaki umeganda kichwani. Mpira wa zamani ukibaki, na mpya ukawekwa juu yake, hewa itaingia na injini haitatulia hata ufanyeje. Kisha fungua kipima maji kutoka chini ya chujio la zamani, kifute, kitie mpira mpya uliopakwa dizeli, na ukifunge katika chujio jipya kwa mkono.

6. Kuweka jipya. Usilitoe chujio jipya katika karatasi yake mpaka saa hii. Futa kichwa kwa tambara la pili, lile ambalo halijaguswa. Paka mpira dizeli safi kwa ncha ya kidole. Hapa twataka kusema neno juu ya desturi moja. Watu wengi hulijaza chujio jipya dizeli ya dumu kabla ya kulifunga, ili injini iwake upesi. Sisi hatushauri hivyo, kwa sababu dizeli imiminwayo katika tundu la katikati huingia upande wa mafuta yaliyokwisha kuchujwa, nayo huenda moja kwa moja katika pampu pamoja na uchafu wake wote. Mtu huokoa dakika tano akapoteza kazi nzima. Lifunge likiwa tupu. Lizungushe kwa mkono mpaka mpira uguse kichwa, kisha uongeze robo tatu ya mzunguko, au kama ilivyoandikwa juu ya kopo. Mkanda usiutumie kukazia. Chujio lililokazwa kwa chuma huupasua mpira wake, na siku ya kulivua hukataa kutoka.

7. Kutoa upepo. Sasa chujio limejaa hewa. Dizeli haibanwi kwa urahisi, lakini hewa hubanwa, na pampu ikisukuma hewa ni kama mtu apigaye ngumi katika mto wa sufi: nguvu yote huishia humo, na nozeli haifunguki. Basi hakikisha kwamba kizibo cha chini kimefungwa, rudisha waya wa kipima maji, na uisukume pampu ya mkono polepole mpaka uione imekuwa ngumu. Pengine itataka kusukumwa mara hamsini na zaidi, usikate tamaa. Ikiwa juu ya kichwa iko skrubu ya kutolea upepo, ilegeze kidogo huku mwenzako akisukuma, na uifunge mara mafuta yatokapo pasipo mapovu.

8. Kuwasha. Futa mafuta yote yaliyomwagika, rudisha waya wa betri, na uzungushe ufunguo. Ngoja taa ya plagi za kupasha joto izimike, kisha washa. Usizungushe stata zaidi ya sekunde kumi kwa mara moja. Ipumzishe dakika moja, maana stata nayo huungua. Isipowaka, rudia pampu ya mkono. Ikiwaka, iache ingurume polepole dakika chache, nawe utazame kwa tochi kuzunguka mpira na kizibo. Tone moja la dizeli lidondokalo lina tundu, na tundu litoalo mafuta injini ikiwa inanguruma laweza kuingiza hewa ikiwa imezimwa.

9. Kuandika. Andika katika daftari ya motokaa tarehe, kilometa na namba ya chujio. Na juu ya chujio lenyewe andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Yasiyoandikwa husahauliwa, na motokaa ya jamaa yenye madereva watatu haina mtu akumbukaye.

HATARI ZA NYUMBANI

Tumekwisha eleza kazi. Sasa twasema na baba na mama wa nyumba juu ya mambo yaliyo mazito kuliko injini.

La kwanza ni chupa. Dizeli iliyotolewa katika chujio isiwekwe kamwe katika chupa ya maji ya kunywa wala ya soda, hata kwa saa moja. Mtoto atokaye mchezoni ana kiu, naye haulizi. Akinywa, msimtapishe wala msimpe maziwa kwa nguvu. Mafuta yakipanda yaweza kuingia katika mapafu, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Mpelekeni hospitali mara hiyo, pamoja na chombo alichokunywea. Chupa ile ya kioo ya kutazamia maji ivunjwe au iwekwe alama na kufungiwa mbali, isirudi jikoni.

La pili ni mpira wa kunyonyea. Desturi ya kuvuta dizeli kutoka katika tangi kwa mdomo imewaumiza wengi, kwa sababu ile ile ya mapafu. Pampu ndogo ya mkono ya kuhamishia mafuta haina bei kubwa, nayo haina mapafu.

La tatu ni mafuta yenye presha. Katika injini za zamani mafundi hutoa upepo kwa kulegeza mabomba ya nozeli. Kazi hiyo mwachie fundi. Katika injini za komoni reli isifanywe kabisa injini ikiwa inanguruma, maana mafuta yatokayo kwa nguvu ile hutoboa ngozi kama sindano. Kidonda huonekana kidogo, pengine hakiumi sana saa ya kwanza. Lakini mafuta yamekwisha ingia ndani ya nyama, na mkono waweza kukatwa mtu akichelewa. Mdharau mwiba mguu huota tende. Aliyechomwa hivyo aende hospitali siku ile ile. Kwa watu wa Kibaha iko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Tumbi. Naye amwambie daktari wazi kwamba ni mafuta yenye presha, asije akafungiwa bandeji akarudishwa nyumbani.

La nne ni moto. Hatujasahau tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipopinduka Msamvu, Morogoro, katika barabara hii hii ipitayo Kibaha, likashika moto, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha yao. Dizeli haiwaki upesi kama petroli, lakini tambara lililolowa dizeli huwaka vizuri sana, na dizeli iliyochanganywa na petroli hushika moto kama petroli. Kwa hiyo dizeli chafu isitumiwe kuwashia jiko.

Mafuta machafu na chujio la zamani visitupwe shimoni, wala mtaroni, wala karibu na kisima. Acha chujio lidondoke katika beseni usiku mmoja, kusanya mafuta katika dumu lenye alama, na uyapeleke kwa gereji ikusanyayo mafuta machafu. Watu wengi wa Kibaha na wa Dar es Salaam hunywa maji ya mto Ruvu. Nasi tukaao nchi hii hatuna sababu ya kujitilia mafuta katika maji yetu wenyewe.

KWA WALIMU

Somo hili lafaa darasani pasipo motokaa wala dizeli. Mimina maji yaliyotiwa rangi kidogo katika chupa ya kioo, ongeza mafuta ya kupikia, funga, tikisa, na uwaache watoto watazame. Waulize kwa nini maji yarudi chini, na kwa nini kizibo cha chujio kimewekwa chini wala si juu. Kisha chuja maji ya matope kwa tambara, halafu kwa karatasi, wapime tofauti. Mtoto aliyeona hivyo kwa macho yake hatasahau, na siku ya kushika motokaa ya baba yake hataanza kwa kuvunja.

NENO LA MWISHO

Mbali na chujio, mwenye motokaa azoee mambo matatu: atoe maji ya chujio kila mwezi, na wakati wa mvua mara mbili, asiliache tangi likikaa nusu siku nyingi, na dizeli ya pipa aiache itulie usiku kucha kabla ya kuitumia, aichote juu, wala asiifikie ile ya chini kabisa.

Hatusemi haya ili kuwanyang'anya mafundi riziki yao. Mtu akibadili chujio lake vizuri, na motokaa ikakosa nguvu bado, amekwisha ondoa sababu moja, naye aweza kumwambia fundi habari iliyo sawa: nimebadili siku fulani, maji yalikuwa kiasi hiki, hakuna tone lidondokalo. Fundi mwema hupenda mwenye gari wa namna hiyo, kwa kuwa haanzi kutafuta gizani. Na nyumba yenye motokaa moja tu, itegemewayo na kuku, na wanafunzi, na mama mjamzito wa jirani, yastahili kuwa na mtu mmoja ajuaye bawabu wa injini yuko wapi na jinsi ya kumbadili kwa mikono iliyonawa.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutanena juu ya chujio la hewa, ambalo kazi yake ni rahisi zaidi, na kwa sababu hiyo husahauliwa zaidi. Wenye maswali na watuandikie mapema.

Wasalaam.